Kunuka, Kunukia, Kunusa: Upimaji wa Harufu za Munkoyo na Pombe Nyingine katika Maabara

1. Utangulizi

Mpishi wa munkoyo mjini Lubumbashi afunuapo chombo chake asubuhi, kwa kawaida hana kipimajoto wala mizani mkononi. Huinamisha kichwa, hunusa, na papo hapo hujua kama kinywaji kimefika, kama kinahitaji nusu siku zaidi, au kama kimekwisha kuharibika. Elimu hiyo aliipokea kwa mama au kwa bibi, naye huirithisha kwa njia hiyo hiyo. Mkemia naye, akiwa na kijichupa cha kinywaji kile kile, hupata baada ya saa moja karatasi yenye vilele virefu na vifupi, kila kilele na namba yake. Wote wawili wamepima harufu. Je, wamepima kitu kimoja?

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha ya wanafunzi wa Kiswahili na si ya wanakemia peke yao, jinsi kampaundi za harufu katika vinywaji vilivyochachushwa zinavyopimwa maabarani. Hoja itakayotetewa ni kwamba mashine hujua ni kitu gani kilichomo na ni kiasi gani, lakini haijui kama kitu hicho kinanuka au kinanukia. Hukumu hiyo hubaki kwa wanywaji na kwa lugha yao. Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo pua haiwezi kuyajua hata ikiwa na ustadi wa miaka arobaini, na baadhi yake huua.

2. Asili ya harufu ya munkoyo

Munkoyo ni kinywaji cha mahindi kinachojulikana sana kusini mwa Katanga na ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Unga wa mahindi hupikwa ukawa uji mzito. Uji ukipoa kiasi hutiwa mizizi iliyopondwa ya mimea ya jamii ya kunde, hasa ya jenasi ziitwazo Rhynchosia na Eminia. Mizizi hiyo huitwa pia munkoyo, nayo ndiyo iliyokipa kinywaji jina lake. Ndani ya mizizi mna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi kuwa sukari, na kwa sababu hiyo uji uliokuwa mzito hulegea ukawa majimaji na kuanza kuwa mtamu. Katika bia kazi hii hufanywa na kimea cha shayiri.

Baada ya hapo huingia wafanyakazi wasioonekana, yaani bakteria wa asidi ya laktiki na hamira. Katika bia za kiwandani, kama Simba na Tembo zinazopikwa Lubumbashi, hamira huteuliwa, hukuzwa peke yake na kutiwa kwa kipimo. (Msomaji wa pwani, ambaye kwake tembo ni pombe ya mnazi, aelewe kwamba bia hii imepewa jina la mnyama.) Katika munkoyo hakuna anayetia hamira kwa makusudi. Kwa kuwa uji umekwisha kuchemshwa, viumbe hao huja hasa pamoja na mizizi, vyombo na mikono. Baada ya siku moja au mbili kinywaji huwa kichachu, chenye kileo kidogo.

Harufu huzaliwa katika kazi hiyo. Hamira inapogeuza sukari kuwa ethanoli, huacha pia mabaki mengi madogo madogo: alkoholi zenye molekuli kubwa zaidi, aldehaidi na esta. Kwa mfano, kutokana na asidi amino iitwayo leusini, hamira hufanya isoamili alkoholi, na sehemu ya hiyo hugeuka kuwa isoamili asetati, kampaundi yenye harufu ya ndizi mbivu. Bakteria nao hutoa asidi ya asetiki, ambayo ndiyo asidi ya siki, na diasetili, ambayo hunukia kama siagi. Kiasi cha kila kampaundi hutegemea joto, muda na aina ya viumbe waliomo. Ndiyo maana mpishi yule yule, kwa mahindi yale yale, huweza kupata munkoyo wa harufu moja katika joto la Oktoba na wa harufu nyingine katika baridi ya usiku wa Juni na Julai.

Utafiti wa kisayansi juu ya kinywaji hiki upo. Mwaka 2012 jarida la Food Control lilichapisha uchunguzi juu ya munkoyo wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uliofuatilia mabadiliko ya kifizikia na kikemia wakati wa kuchachuka. Mwaka 2019 watafiti wa Zambia na Uholanzi walichapisha katika PLOS ONE uchunguzi wa munkoyo wa Zambia uliounganisha mambo matatu: desturi za upishi, jamii za bakteria na kampaundi za harufu. Ili kuelewa jambo hili la tatu, yafaa kuifuata harufu ndani ya mashine hatua kwa hatua.

3. Safari ya harufu ndani ya mashine

Hatua ya kwanza hufanyika nje ya mashine, nayo ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Munkoyo uliotiwa chupani haukomi kuchachuka kwa sababu tu umekabidhiwa mkemia. Usipopozwa upesi, kitakachopimwa maabarani ni kinywaji cha kesho. Kwa hiyo sampuli huwekwa katika barafu mara tu inapochotwa, na saa ya kuichota huandikwa.

Hatua ya pili ni kuikusanya harufu. Pua hainusi kinywaji chenyewe. Hunusa hewa iliyo juu yake. Mashine nayo huigizwa hivyo. Kiasi kidogo cha munkoyo hutiwa katika kijichupa, kikazibwa kabisa, huku nafasi ikiachwa juu. Mara nyingi huongezwa chumvi ya kawaida, kwa sababu chumvi huzisukuma kampaundi nyingi zitoke majini na kupanda hewani. Kijichupa hupashwa joto la wastani, tuseme nyuzi 40 hadi 60 za Selsiasi. Kisha kijiti chembamba kilichopakwa utando wa kunasa harufu hupenyezwa katika kifuniko na kuachwa humo kwa dakika kadhaa. Njia hii ya kijiti ilibuniwa na Janusz Pawliszyn na wenzake katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, na kutangazwa mwaka 1990. Imependwa kwa kuwa haihitaji viyeyusho, na kinywaji chenye chembechembe za unga kama munkoyo hakiingizwi ndani ya mashine kikauziba mrija.

Hatua ya tatu ni kuzitenganisha kampaundi. Kazi hii huitwa kromatografia, neno lenye asili ya Kigiriki linalounganisha rangi na maandishi. Lilitungwa na mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alizitenga rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba la chokaa. Kromatografia ya gesi ilitangazwa mwaka 1952 na A. T. James na A. J. P. Martin nchini Uingereza. Ndani ya tanuri la mashine umezungushwa mrija mwembamba sana, ambao kwa kawaida huwa na urefu wa mita 30 na uwazi wa robo ya milimita. Kuta zake zimepakwa utando, na ndani yake hupita gesi chukuzi, kwa mfano heliamu. Kijiti kikiingizwa mahali pa moto mkali, harufu zote huachia kwa pamoja na kuchukuliwa na gesi.

Mfano wa kawaida utasaidia. Watu ishirini wanatoka kwa pamoja soko la mtaa wa Kenya, hapo Lubumbashi, wakielekea katikati ya mji kwa njia moja. Asiye na rafiki njiani hufika kwanza. Anayesimama kusalimu katika kila duka hufika jioni. Kampaundi nazo hufanya hivyo. Ile ivukayo upesi na isiyopatana na utando wa mrija hutoka mapema. Ile nzito inayoupenda utando huchelewa. Asetaldehaidi huchemka kwenye nyuzi 20 hivi, ethili asetati kwenye 77, na isoamili asetati kwenye 142. Kwa kawaida hutoka kwa mpangilio huo. Tanuri huongezwa joto polepole ili wachelewaji nao wafike.

Hatua ya nne ni kuzitambua. Mwishoni mwa mrija hukaa kitambuzi. Kimoja huziunguza kampaundi katika mwali mdogo wa hidrojeni na kupima umeme unaotokea. Hicho huhesabu vizuri, lakini hakitaji jina. Kingine, spektrometa ya masi, huvunja kila molekuli vipande vipande na kupima uzito wa vipande hivyo. Vipande hivyo ni kama alama za vidole: hulinganishwa na kumbukumbu zilizohifadhiwa, na jina hupendekezwa. Mtafiti mwangalifu haridhiki na pendekezo hilo mpaka ameipitisha kampaundi halisi katika mrija ule ule na kuona kwamba inatoka kwa wakati ule ule.

Hatua ya mwisho ni kuhesabu. Eneo lililo chini ya kilele hulingana na wingi wa kampaundi, lakini kijiti hakinasi sawasawa kila siku. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, kila kijichupa hutiwa kiasi kinachojulikana cha kampaundi ngeni, isiyopatikana katika kinywaji. Kampaundi hiyo ni kama shahidi: ikiwa siku hiyo nusu yake tu imenaswa, vilele vingine navyo husahihishwa. Tatizo kubwa la hesabu hii ni kwamba wanga, sukari na kileo hushika harufu kwa nguvu tofauti. Vigezo vilivyotayarishwa katika maji matupu vitatoa namba zisizo za kweli kwa kinywaji kizito cha mahindi. Vigezo vya munkoyo havina budi kutayarishwa katika kitu kinachofanana na munkoyo.

4. Wingi na nguvu

Msomaji anayeziona namba kwa mara ya kwanza hudhani kwamba kilele kirefu ndicho harufu kali. Si hivyo. Kila kampaundi ina kiwango cha chini kabisa ambacho pua ya mwanadamu huanza kuitambua. Kiwango hicho chaweza kuitwa kikomo cha pua. Katika bia, kikomo cha ethili asetati hukadiriwa kuwa miligramu 30 hivi kwa lita; cha isoamili asetati ni miligramu 1.2 hivi, cha diasetili ni sehemu moja tu ya kumi ya miligramu, au zaidi kidogo.

Ichukuliwe pombe ya kubuni, yenye miligramu 15 za ethili asetati na miligramu 2.4 za isoamili asetati kwa lita. Kwenye karatasi, ya kwanza ni nyingi kuliko ya pili mara sita. Lakini wingi ukigawanywa kwa kikomo cha pua, ya kwanza hupata 0.5 na ya pili hupata 2. Mnywaji atasema pombe hii ina ndizi, na ethili asetati hataitaja kabisa. Ugawanyaji huu mdogo ndio daraja kati ya mashine na pua, na ndio kwanza unaoonyesha kwamba kupima harufu bila kumhesabu mnusaji ni kazi iliyoachwa nusu. Ikumbukwe pia kwamba vikomo hivi vilipatikana kwa bia na kwa wanywaji wa bia. Kuvihamishia katika munkoyo bila kuvijaribu upya ni kukadiria tu.

5. Kunuka na kunukia

Hapa ndipo isimu inapoingia. Kiswahili kina mzizi mmoja unaozaa vitenzi vitatu. Kitu kinanuka, nayo ni harufu mbaya. Kitu kinanukia, nayo ni harufu nzuri. Mtu ananusa. Kunukia kwa umbo ni kauli ya kutendea, na kunusa ni kauli ya kutendesha iliyokomaa ikawa neno la kujitegemea. Katika matumizi ya kawaida msemaji wa Kiswahili sanifu hawezi kutumia kitenzi kimoja kati ya viwili vya kwanza bila kutoa hukumu. Hata tendo la kuchachuka lina wenzi wake: kinywaji kilichochachuka kimefika, chakula kilichochacha kimeharibika.

Mashine haina kauli ya kutendea. Itazamwe diasetili. Katika bia nyepesi, wapishi wa viwandani huihesabu kuwa kasoro na huiacha bia ikae mpaka hamira iimeze. Katika siagi na katika maziwa yaliyoganda, harufu ile ile hutafutwa na kusifiwa. Molekuli ni moja, kilele ni kimoja, muda wa kutoka mrijani ni mmoja. Huko inanuka, huku inanukia. Tofauti haimo katika kampaundi. Imo katika kinywaji na katika mazoea ya wanywaji wake. Mkemia akiikuta diasetili katika munkoyo, namba yake haiwezi kumwambia kama ni kasoro au ni sifa. Jibu analo mpishi.

Ili mpishi aulizwe, sharti kuwe na maneno. Wapishi wa bia walilitambua jambo hili mapema: mwaka 1979 Morten Meilgaard na wenzake walichapisha mfumo wa istilahi zaidi ya 100 za ladha na harufu za bia, uliopangwa katika duara, ili mtu wa kiwanda kimoja na mtu wa kingine wasemapo neno moja wawe wanataja kitu kimoja. Mfumo huo umefaa sana, lakini mifano yake ina kwao. Asetaldehaidi hufananishwa humo na tufaha bichi, tunda ambalo mtoto aliyekulia Katuba au Kamalondo hajapata kulichuma mtini. Ndizi, kinyume chake, haihitaji maelezo.

Kiswahili hakikosi akiba. Kina shombo kwa harufu ya samaki, kikwapa kwa ya jasho, uvundo kwa ya kitu kilichofungiwa kikaoza, na ukakasi kwa hisia ya ulimi kukwaruzwa. Tena kinafikiri kama kemia ilivyofikiri: asidi ya kaproiki ilipewa jina hilo kutoka neno la Kilatini lenye maana ya mbuzi, na yeyote aliyepita karibu na beberu ataitambua asidi hiyo bila kufundishwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990, iliandaliwa kwa ajili ya istilahi za sayansi. Kazi iliyobaki ni ya aina nyingine. Ni kukusanya maneno ambayo wapishi wenyewe huyatumia wanapoinamia chombo, katika Kiswahili cha Lubumbashi na katika lugha nyingine za Katanga, na kuyalinganisha na vilele. Chombo cha kufanyia hivyo kipo: mashine zingine hugawa mkondo wa gesi mara mbili, nusu ikaenda kwa kitambuzi na nusu ikatoka katika kikombe cha kioo, ambapo mtu huketi akinusa na kutaja anachonusa, kampaundi moja baada ya nyingine. Mwenye kuketi hapo aweza kuwa mpishi wa munkoyo, akisema kwa lugha yake.

6. Pale pua isiposaidia

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumaliza kwa kuisifu pua. Katanga ina pia lutuku, pombe kali inayokenekwa kwa mahindi na mihogo. Katika pombe za kukeneka iko hatari ambayo pua haiwezi kuigundua, nayo ni methanoli. Harufu yake yakaribiana mno na ya ethanoli, na ethanoli iliyo nyingi huifunika kabisa. Mwilini ini huigeuza kuwa formaldehaidi, kisha kuwa asidi ya fomiki, ambayo huharibu neva ya jicho. Mnywaji huweza kupofuka au kufa, na dalili huchelewa kwa saa nyingi baada ya kunywa.

Majaribio ya mitaani hayatoshi. Kuiwasha pombe hakusaidii, kwani alkoholi zote mbili huwaka. Kumwaga matone ya mwanzo huondoa baadhi ya vitu vikali kama asetaldehaidi na ethili asetati, lakini hakuiondoi methanoli yote: ijapokuwa huchemka kwenye nyuzi 65 na ethanoli kwenye 78, katika mchanganyiko wenye maji hutoka tangu mwanzo hadi mwisho wa ukenekaji.

Ni haki kusema pia kwamba methanoli ya kuchachuka hutoka hasa katika pektini za matunda, na mahindi yana kidogo sana. Misiba mikubwa husababishwa hasa na methanoli ya viwandani iliyotiwa na wauzaji ili kuongeza ukali. Aprili 2010, wilayani Kabale, Uganda, makumi ya watu walifariki kwa waragi yenye methanoli. Mei 2014, nchini Kenya, walifariki watu zaidi ya 80. Wanywaji hao walikuwa na pua, na wengi walikuwa na uzoefu. Hazikuwafaa. Mashine ile ile iliyoelezwa hapo juu, ikiwa na mrija unaofaa, huzitenga methanoli na ethanoli kwa dakika chache na kuonyesha vilele viwili pale ambapo pua inaona kitu kimoja.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kupima harufu ni kazi ya pande mbili. Mashine hutenga, hutambua na kuhesabu. Kikomo cha pua hugeuza hesabu kuwa hisia. Lugha hugeuza hisia kuwa hukumu. Ikikosekana ya mwisho, munkoyo utapimwa kwa kipimo cha bia na kuonekana una kasoro mahali ambapo wenyewe wanaona sifa. Siku utakapotengenezwa kwa wingi viwandani, harufu waliyoizoea wenyeji yaweza kuondolewa kwa jina la usafi, na asiwepo aliyeandika ilikuwaje. Ikikosekana ya kwanza, lutuku itaendelea kuaminiwa kwa kunuswa.

Kwa hiyo daftari la utafiti wa namna hii lingefaa kuwa na safu mbili. Katika ya kwanza, mwanafunzi wa kemia aandike jina la kampaundi na miligramu zake kwa lita. Katika ya pili, mwanafunzi wa Kiswahili aandike neno alilolitamka mpishi alipoinusa, na kama alisema inanuka au inanukia. Na mahali ambapo safu ya pili itabaki tupu kwa sababu mpishi hakunusa kitu, namba ya safu ya kwanza isomwe kwa makini zaidi.